Mstari wa Kumi na Moja

Mashine ilikuwa mpya kabisa, nailoni ya kiwandani ingali imeng'ang'ania pembe za skrini, na ndani yake hamkuwa na kitu ila mfumo endeshi uliowekwa asubuhi ile ile. Fundi aliiamuru ikague mahitaji ya programu kabla hajaanza kuijenga, nayo ikajibu kwa mistari kumi na moja. Mistari kumi ya kwanza ilisema: haipo. Haipo. Haipo. Wa kumi na moja ulisema: ipo.

Hakuuona. Tusimlaumu. Macho ya fundi wa kompyuta yamezoeshwa kukimbilia kisichokuwepo. Ni kama mama anayekagua jiko kabla ya kuinjika: anatafuta chumvi iliyokwisha, hahesabu sufuria zilizopo, wala hajiulizi ile sufuria ya pembeni imeletwa na nani.

Na huyu fundi alikuwa na sababu nyingine. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu amzike mkewe, na tangu siku hiyo, popote alipoingia, alitazama kwanza pale ambapo hapakuwa na mtu.

"Namba kumi na tisaaa!" ilisikika sauti ya mlinzi kutoka ukumbini. "Kumi na tisa! Kama umesinzia, shauri yako!"

"We baba," mama mmoja akamjibu, "sisi tunaumwa macho, siyo masikio!"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Ilikuwa hospitali ya macho, yenye vyumba kumi vya madaktari vilivyopangana kwenye korido moja ndefu. Wagonjwa wake walikuwa wametiwa dawa inayofanya dunia yote iwe ukungu, au wamefungwa bandeji kabisa, kwa hiyo kibao cha namba hakikuwafaa. Walihitaji sauti. Kwa miaka sita sauti hiyo ilikuwa ya mpokezi wa hospitali, ambaye alikaa siku mbili mbele ya kinasa sauti akisoma namba moja baada ya nyingine, na maneno machache ya kuziunganisha. Mpokezi huyo ndiye aliyekuwa mke wa fundi. Hata alipokwisha kuzikwa, spika ziliendelea kuita kila asubuhi kwa upole ule ule: "Namba nane. Chumba cha pili. Karibu."

Kisha umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na mashine ya zamani ikaungua.

Programu ile iliandikwa na mtu aliyekwisha kuhama, asiyejibu barua. Alichoacha ni msimbo wake, yaani maandishi ambayo mashine huyageuza kuwa programu, ndani ya diski, na karatasi moja iliyopigwa chapa yenye orodha ya mahitaji: vitu kumi ambavyo lazima viwemo kwenye mashine kabla programu haijajengwa. Sauti nazo zilikuwa kwenye diski hiyo hiyo, lakini zimefungwa kwa namna ambayo hakuna programu nyingine iliyoweza kuzifungua. Marehemu hakupenda kurekodiwa. Kwenye simu zilibaki picha tu. Programu isipojengwa, basi sauti ile nayo imekwenda.

Walikuwa na binti mmoja, wa miaka saba. Kila siku akitoka shule alikuja kukaa kwenye kiti kilicho karibu zaidi na spika, akafanya kazi zake za shule mpaka baba yake amalize kazi. Tangu mashine iungue aliendelea kukaa pale pale, akimsikiliza mlinzi akipasua koo.

Siku ya tisa aliuliza, "Baba, mama ameacha kazi?"

Fundi akarudi chumbani kwake, akafunga mlango.

*

Ile kazi ilimtoa jasho. Programu ilitaka maktaba ya kuchezesha sauti, toleo la nne. Maktaba, ndivyo mafundi wanavyoyaita mafungu ya msimbo ambayo programu huyaazima ili isianze kila kitu upya. Mfumo mpya ulikuja na toleo la saba, ukalikataa la nne. Akalilazimisha la nne likae. La nne likataka mwenzake wa zamani. Akamtafuta mwenzake siku nzima, akampata. Huyo naye akataka mwingine mkongwe kuliko yeye. Mkongwe alipoingia, akaharibu kitu cha kwanza ambacho fundi alikiweka jana. Ukishona huku, kule kunafumuka.

Sista mkuu wa hospitali alichungulia mlangoni. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kama msumeno unaokata bati.

"Fundi, leo?"

"Kesho, sista."

"Jana ulisema kesho."

"Na jana nilikuwa sijui ninachosema."

"Mlinzi amekauka koo. Kuna mzee kaniambia anaitwa kama mbuzi aliyepotea. Si uchukue programu nyingine tu? Mtu yeyote asome namba, hata mimi."

"Sista, wewe ukisoma namba watakimbia na bandeji zao."

Alikusudia utani, lakini ulitoka mkavu. Sista akaelewa, akaondoka.

Alasiri ya siku ya nne ya kazi hiyo mahitaji yote kumi yalipatikana. Fundi alikagua mara ya mwisho, na kwa kuwa hapakuwa tena na neno "haipo" la kuyakimbiza macho yake, ndipo alipouona mstari wa kumi na moja.

Haukuwa na jina la kitu, wala toleo. Palikuwa na nafasi tupu, halafu: ipo.

Alichukua ile karatasi, akahesabu kwa kidole. Kumi. Akahesabu kwenye skrini. Kumi na moja. Akaufungua ukaguzi aliokuwa ameuhifadhi siku ya kwanza, wakati mashine ilikuwa tupu kama nyumba isiyohamiwa. Mstari ulikuwepo, na ulisema ipo.

Pale mezani alisikia harufu hafifu, kali na baridi, kama dawa ya kuhifadhia nguo. Akafungua dirisha.

Kabla ya kujenga, programu ilitoa onyo: mfumo endeshi huu haujajaribiwa. Endelea bila kuhakiki? Fundi mwenye akili timamu angesimama hapo. Angeuliza kitu gani kile kisicho na jina, nani amekiweka, na kinatafuta nini kwenye nyumba ya watu. Lakini mtu aliyepigana siku nne na visivyokuwepo hana nguvu ya kugombana na kilichopo. Alisema bismillahi kwa mazoea, akaandika: ndiyo.

Mistari ikamiminika dakika kumi na mbili bila kosa hata moja. Alipaswa kuogopa hapo. Katika kazi yake yote hakuwahi kuona programu ikijengeka mara ya kwanza.

"Namba ishirini na sita," ikasema sauti ukumbini. "Chumba cha tano. Karibu."

Mlinzi alipiga magoti, akainua mikono kushukuru. Wagonjwa wakapiga makofi. Na yule mtoto, kwenye kiti chake, aliweka penseli chini, akafumba macho, akatabasamu kama mtu aliyefunikwa shuka.

*

Siku mbili zilipita salama, isipokuwa harufu. Ilikaa chini ya spika, kisha ikatambaa koridoni. Wafagizi walipiga deki mara tatu. Haikutoka.

Siku ya tatu, mchana kweupe, sauti ikasema: "Namba arobaini. Chumba cha kumi na moja. Karibu."

Mwenye namba arobaini alikuwa mzee aliyefungwa macho yote mawili. Akasimama, akaushika ukuta, akaanza kwenda. Akapita chumba cha tisa, akapita cha kumi. Korido iliishia kwenye mlango wa chuma, na nyuma ya mlango ule hapakuwa na chumba. Palikuwa na ngazi za nje zilizobomolewa kwa matengenezo, na kimo cha ghorofa mbili mpaka kwenye kokoto. Mlango ulikuwa na komeo, na mlinzi aliapa baadaye kwamba alilifunga mwenyewe. Sasa ulikuwa wazi kiasi cha mtu kupita.

Mlinzi alimdaka mzee kwenye kola ya shati.

"Niache! Nimeitwa na binti mwenye adabu zake, wewe unanivuta kama gunia!"

"Mzee wangu, huko ni kaburini!"

Fundi alieleza watu kwamba ni hitilafu. Neno "kumi" lipo, "na" lipo, "moja" lipo. Programu imekosea kuyaunganisha. Maelezo yalimtoka vizuri, karibu ayaamini. Lakini alipofungua msimbo alikuta aliyeuandika ameweka kikomo: vyumba kumi. Ukiomba cha kumi na moja, programu hunyamaza. Haiwezi kusema.

Akajaribu kukiondoa kile kitu cha mstari wa kumi na moja. Mashine ikajibu: hakiwezi kuondolewa, kuna kinachokitegemea. Akauliza: kinategemewa na nini? Hapo alitarajia jina la programu.

Mashine ikaandika jina lake yeye, fundi, lote, pamoja na la babu yake, ambalo hajawahi kuliandika kwenye mashine yoyote tangu azaliwe.

Angeweza kung'oa waya saa ile ile, na Mungu anajua kwamba mkono wake ulifika mpaka kwenye swichi. Kisha akasikia ukumbini, "Namba arobaini na moja. Chumba cha kwanza. Karibu," na kicheko kidogo cha bintiye, cha kwanza kwa miezi mitano. Mkono ukarudi. Akajiambia: nitatia kufuli kubwa mlangoni. Nitaikagua kesho.

Kesho yake kufuli ilikuwa mlangoni, mpya, ya shaba, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa fundi mwenyewe. Saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa umepungua watu. Alikuwa ameinamia skrini yake aliposikia sauti ikikohoa.

Mkewe hakukohoa wakati wa kurekodi. Alizisikiliza sauti zile zote, anazijua moja moja.

"Punje," ikasema sauti.

Jina hilo halikurekodiwa na mtu. Marehemu pekee ndiye aliyemwita mtoto hivyo, nyumbani, akimsuka nywele, kwa sababu alizaliwa mdogo kama punje ya mtama. Na tangu mazishi hakuna aliyethubutu kulitamka.

"Punje. Chumba cha kumi na moja. Karibu."

Fundi alitoka mbio, kiti kikaanguka nyuma yake, akaingia ukumbini akakuta penseli iko sakafuni na kiti cha mtoto kitupu, akageukia korido ambayo kila siku aliipita kwa hatua hamsini na ambayo sasa ilionekana imerefuka, taa zake zinazimika moja baada ya nyingine ingawa nje jua lilikuwa linawaka, na ile harufu ikamjaa kooni mpaka machozi yakamtoka, na mbele yake, mbali, mtoto wake anakwenda taratibu na mkono mmoja umeinuliwa juu kidogo, jinsi mtoto anavyokwenda akiwa ameshikwa mkono na mtu mzima, anapita chumba cha nane, anapita cha tisa, huku spika zote za korido zinasema Punje, Punje, Punje kwa upole ule ule usiopanda wala kushuka, na kule mwisho kufuli ya shaba inaning'inia wazi na mlango unajifungua polepole kwenye mwanga mweupe, na yeye anakimbia anaita jina la shule la mtoto, lile la kwenye daftari, naye hageuki, kwa nini ageuke, nani aache kuitwa na mama yake akamsikilize mwingine, mpaka mguu wake mmoja ulipokwisha kuvuka kizingiti na kiatu kikamvuka kikadondoka, ndipo baba alipomkumbatia kiunoni, wakaanguka nyuma pamoja.

Walisikia kiatu kikifika chini.

"Baba," mtoto alinong'ona, amekasirika, analia. "Mama alikuwa amenishika. Umemfanya aniachie."

*

Mama mkwe alikuja kabla ya jioni, amejitanda mtandio wake mweusi, tasbihi mkononi. Alikuwa mama wa kimya. Ndiye aliyesema tangu mwanzo, "Mwache apumzike, mwanangu," na fundi alimkasirikia. Aliposimama chini ya spika alivuta pumzi mara moja tu, akashika ukuta.

"Hii ni kafuri, karafuu maiti," akasema kwa sauti ya chini. "Niliipaka kwa mkono huu, siku ya kumwosha."

"Mama, ni yeye?"

"Sikiliza. Kila mtu huzaliwa na karini wake, jini anayekwenda naye hatua kwa hatua. Anaijua sauti yake na siri zake. Mtu akifa, yeye hafi. Anabaki hana pa kukaa, anagonga milango. Nawe umemfungulia."

"Anajua jina la Punje."

"Atakosaje kulijua? Alikuwepo." Akafuta macho kwa pembe ya mtandio. "Lakini mwanangu nilimzaa mimi. Alipokuwa anamtaka mtoto, hakumwita akiwa mbali. Alikuwa anamfuata. Mama hamwiti mtoto aje gizani, baba. Mama huenda gizani akamtoa."

Waliingia chumbani, wakafunga mlango. Sista mkuu alikaa nje na mtoto mapajani, amemziba masikio kwa viganja vyake. Mama mkwe akaanza kusoma Aya ya Kursi, taratibu, neno moja baada ya lingine. Skrini ikafifia, ikawaka tena. Fundi aliandika amri ya kuondoa.

Haiwezi kuondolewa. Kuna kinachokitegemea. Na chini yake, jina lake.

"Inakataa, mama. Inasema mimi nakitegemea."

"Inasema uongo?"

Fundi aliondoa mikono kwenye vitufe.

"Basi acha," akasema mama mkwe, bila ukali. "Sikuambii usimlilie. Mimi namlilia kila sala. Nakuambia usimtafute humo."

Fundi aliifungua folda ya sauti kwenye ile diski; nakala nyingine haikuwepo. Faili mia moja na kumi na mbili. Siku mbili za uhai wa mkewe. Alizichagua zote. Mashine ikauliza: zifutwe kabisa? Hapo sauti ikatoka, safari hii si kwenye spika za ukumbi bali karibu na shingo yake, yenye joto, ikamwita kwa lile jina ambalo mke humwitia mumewe mlango ukiwa umefungwa. Haikumwita kwenye chumba chochote. Ilimwita tu, ikangoja.

Alitaka kuitikia. Mungu amsamehe, mdomo ulikwisha kufunguka. Kupitia mlangoni alimsikia bintiye akimuuliza sista, "Kiatu changu kingine kiko wapi?"

"Yupo," fundi alisema. Hakujua anamwambia nani. "Huyu yupo."

Akaandika: ndiyo.

Dirisha lilijipiga mara moja kwa nguvu, kioo kikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Kisha harufu ikaisha, ghafla, kama mtu aliyefunga mlango nyuma yake. Mama mkwe alimaliza aya yake mpaka mwisho, kwa mwendo ule ule, ndipo alipokaa chini sakafuni na kulia kama mtu aliyezika mara ya pili.

*

Sasa namba zinasomwa na sista mkuu. Wagonjwa wanasema hakuna anayesinzia tena. Mtoto hakai ukumbini. Akitoka shule huenda kwa bibi yake, na bibi hukutana naye njiani, hamwiti kutoka mlangoni. Alikaa wiki tatu bila kumsemesha baba yake. Siku moja alimletea kichana, akageuka, akakaa chini asukwe. Fundi alimsuka vibaya sana.

Programu bado ni ile ile. Hapakuwa na nyingine. Kila asubuhi fundi huiamuru ikague mahitaji yake, na sasa husoma kuanzia vile vilivyopo, kimoja kimoja, kwa kidole. Mistari kumi husema: ipo. Wa kumi na moja husema: haipo. Natafuta.

Alijaribu kuufuta mstari ule kwenye msimbo. Haumo. Basi akawa anausoma, anasema audhubillahi, anafungua kazi. Kwa miezi miwili uliandika vile vile, na alianza kupata faraja kwenye neno lile. Kinachotafuta, alijiambia, bado hakijapata.

Jumatatu iliyopita aliwasha mashine, akakagua. Mistari ilikuwa kumi.

Alihesabu tena. Kumi. Kama kimekata tamaa au kimepata, orodha haikusema.

Alimpigia mama mkwe. Bibi akajibu kwamba mtoto yuko shule, amempeleka mwenyewe, amemwona akiingia darasani. Fundi alishukuru, akakata simu, akatoka mpaka mlangoni kwa mlinzi.

"Leo umetoa namba ngapi?"

"Thelathini na sita, kaka. Kuna nini?"

"Na wasindikizaji?"

"Wote nje kwenye benchi, kama kawaida. Anayeingia ni mwenye namba tu."

Fundi aliugeukia ukumbi. Wagonjwa walikaa kwenye safu zao, wengi wamefungwa bandeji, nyuso zimeelekezwa kwenye spika, wanangoja kuitwa; hakuna aliyeitwa bado. Akahesabu vichwa kwa kidole, kutoka mbele mpaka nyuma. Thelathini na saba. Akahesabu kutoka nyuma mpaka mbele.

Harufu ilikuwa hafifu sana. Ingeweza kuwa dawa ya macho.

Akafunga mlango wa ukumbi, akauegemea kidogo. Kisha akaenda kwenye kiti cha kwanza, akainama.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu. Naomba nione namba yako."